Kitenge kwenye kalenda: uchambuzi wa kisa cha nyumba salama moja Dodoma

Ilikuwa kalenda ya ukuta ya mwaka 2024, ile ya karatasi moja kubwa yenye picha juu na miezi kumi na miwili chini. Shirika linaloendesha nyumba salama, yaani nyumba ya siri ya kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo, lilichapisha nakala mia tano na kuzigawa kwenye ofisi za kata wakati wa Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kati ya tarehe 25 Novemba na 10 Desemba. Kwenye picha kuna mama, mkazi wa nyumba hiyo, ameinama anachambua mchicha uani. Picha imepigwa kwa nyuma, uso hauonekani hata kidogo. Aliyeitengeneza aliamini hiyo ndiyo tahadhari yote inayotakiwa.

Februari, mume wa yule mama alikwenda ofisi ya kata wilayani Chamwino kufuata barua ya utambulisho. Mtendaji alikuwa hajafika, akakaa kwenye benchi. Alipoinua macho akakiona kitenge alichokinunua mwenyewe kwenye mnada, mwaka aliouza zabibu vizuri. Nyuma ya mama kulikuwa na geti, na juu ya geti kipande cha bango la duka la jirani. Siku nne baadaye alikuwa amesimama mbele ya geti hilohilo, katika mtaa wa Jiji la Dodoma ambao sitautaja.

Mlinzi hakufungua. Polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto walifika, mwanamume akaondolewa, na usiku ule mama na wanawe wawili wakahamishiwa mji mwingine. Hakuna aliyeumia. Nalisema mapema kwa sababu kwenye kikao cha kwanza cha bodi sentensi hiyo ilirudiwa mara nyingi mno, kana kwamba inafunga mjadala.

Mimi ni mhasibu, na kwa miaka kadhaa nimekagua hesabu za mashirika madogo ya kanda ya kati. Bodi ilinipigia simu wiki mbili baada ya tukio, ikitaka kurasa mbili tatu za ushauri kuhusu "masuala ya mawasiliano". Kazi ikaja kuchukua miezi mitano. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili nyumba ile na watu wake wasitambulike, na hesabu za unga nitakazozitaja nimezizungusha.

Makaratasi

Swali langu la kwanza lilikuwa dogo: idhini ya picha iko wapi? Nikaletewa faili, na kweli fomu ilikuwamo, ina dole gumba la yule mama. Ilikuwa ya Kiingereza. Mama mwenyewe anaongea Kigogo, na Kiswahili cha kumtosha sokoni na hospitalini. Tarehe ya fomu ilikuwa ya siku aliyopokewa, saa chache baada ya kushuka kwenye bodaboda na mtoto mgongoni. Nilimuuliza mlezi wa zamu mambo yanavyokwenda usiku kama ule. Akaniambia mgeni anaoga, anapewa chai, anajaza fomu, kisha anakabidhiwa godoro na blanketi. Kwa mpangilio huo.

Nani atakataa kuweka dole kabla ya kupewa godoro?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mtu akubali akiwa anaelewa anachokubali, na inamruhusu kubadili mawazo baadaye. Hakuna mtu shirikani aliyekuwa amewahi kuisoma. Siwacheki, kwa sababu hata mimi niliisoma kwa makini mara ya kwanza kwa ajili ya kazi hii.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kwa vipimo vya kawaida shirika hili lilikuwa safi. Cheti cha usajili kilikuwa hai, katiba ipo, na ripoti ya kila mwaka hupelekwa kwa Msajili. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, ilivyo baada ya marekebisho yake, inataka shirika lenye mapato ya zaidi ya shilingi milioni 20 kwa mwaka lipeleke hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za 2018 zikaongeza wajibu wa kutangaza hadharani fedha za ufadhili zinazozidi kiasi hichohicho. Yote hayo yalikuwa yamefanyika. Mkaguzi alitoa hati safi miaka mitatu mfululizo.

Nikamtafuta huyo mkaguzi. Ni mtu makini. Alinieleza kuwa kila mwaka aliomba kuona daftari la wakazi ili alinganishe idadi ya watu na gharama za chakula, na kila mwaka akajibiwa kwamba daftari lile ni siri, kwa usalama wa akina mama. Angefanya nini? Kung'ang'ania majina ya wanawake waliokimbia vipigo? Akaandika kwamba stakabadhi zipo na zimeidhinishwa, akaendelea na kazi nyingine.

Kwangu kisa chote kimelala hapo. Nyumba salama inaishi kwa siri, na siri hiyo ni ya haki. Ila ndani ya kabati lilelile lililofungiwa majina ya akina mama kulikuwa kumewekwa pia hundi, mikataba, mihutasari ya vikao na malalamiko. Aliyegonga mlango kuuliza habari za hundi alijibiwa kwa lugha inayomfaa mume aliyekuja kumtafuta mkewe. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Ilikua yenyewe, taratibu, kwa sababu jibu la "ni siri" lilifanya kazi kila lilipotumika.

Wakati huohuo siri ya kweli ilikuwa inavuja kwenye mlango wa nyuma. Nilifungua ripoti za robo mwaka zilizotumwa kwa mfadhili. Viambatisho: mkataba wa pango wenye namba ya kiwanja na kitalu, risiti za umeme wa LUKU zenye namba ya mita, malipo ya bodaboda yenye majina na simu za madereva, na orodha ya mahudhurio ya semina ya ushonaji iliyobeba majina kamili ya washiriki, vijiji vyao na sahihi zao. Zote zilikwenda kwa barua pepe hadi Dar es Salaam, kisha nje ya nchi. Mkaguzi aliyekula kiapo cha taaluma yake alinyimwa idadi ya wakazi, huku karani asiyejulikana katika ofisi ya mbali akipelekewa majina na ramani.

Unga

Kalenda zililipiwa kutoka fungu la chakula. Fungu la mawasiliano lilikuwa limeisha, mkurugenzi akasema watarudisha, na hawakurudisha. Hundi ilikuwa na saini mbili kama katiba inavyotaka: ya mkurugenzi na ya mweka hazina. Mweka hazina ni mwalimu mstaafu anayeishi Kondoa. Akija mjini mara moja kwa miezi miwili hutia saini kwenye hundi tupu kumi au kumi na tano, ili kazi isikwame. Nilipomuuliza hakuficha. "Mwanangu," alisema, "Mama namwamini kuliko ninavyojiamini mimi mwenyewe."

Huyo Mama ndiye mkurugenzi, na ndiye mwanzilishi. Alikuwa muuguzi, na nyumba hii ilianzia sebuleni kwake, kwa mama mmoja aliyeshonwa kichwani zamu yake ya usiku na kukosa pa kwenda alfajiri. Wakazi humwita Mama Mkubwa. Friji ya jikoni ni yake, na magodoro ya mwanzo aliyanunua kwa kiinua mgongo chake. Nilianza kazi nikitarajia kumkuta mwizi na sikumkuta. Ingekuwa rahisi zaidi.

Nikarudi kwenye chakula. Daftari la wakazi sikuliomba. Mlezi wa zamu alikuwa na daftari lake la mistari, la mtoto wa shule, ambamo kila jioni aliandika idadi ya vichwa vilivyokaa kula: sita, saba, saba, tano. Halikuwa na jina hata moja. Nikajumlisha mwezi mzima nikapata milo ya jioni 186, maana yake watu 186 kwa siku moja moja. Ukimpa kila mtu nusu kilo ya unga kwa siku, na hapo mtoto umemhesabu kama mtu mzima, unahitaji kilo 93. Risiti za mwezi huo zilionyesha kilo 210.

Kilo 117 zilikwenda wapi? Mlezi akaeleza jambo ambalo halikuandikwa popote: mama akiondoka kwenda kuanza maisha hufungiwa kilo ishirini za unga na chumvi kidogo. Mwezi ule waliondoka watatu. Basi kilo 60 zina maelezo, na kwa maoni yangu ni matumizi bora kuliko hata ya kalenda. Kilo 57 zilizobaki hakuna aliyeweza kuzieleza. Mkurugenzi alisema nyingine zilikwenda kwa majirani wenye njaa, mlezi akatazama chini.

Naliandika kwa kirefu kwa sababu linabomoa kisingizio kizima. Hesabu ile ilichukua asubuhi moja, haikugusa jina wala kijiji cha mtu, na ikafika mahali ambapo hati safi tatu hazikufika. Vichwa vya jioni, usiku uliolaliwa, sabuni, nauli za hospitali dhidi ya idadi ya PF3, fomu za matibabu ya majeruhi, zilizochukuliwa polisi: nyumba ya aina hii ina namba nyingi zisizomtaja mtu. Anayesema vitabu vyake haviwezi kufunguliwa bila kuwafunua wanawake hajajaribu.

Bodi

Wajumbe walikuwa saba. Mwenyekiti mchungaji wa kanisa analosali mkurugenzi. Mjumbe mmoja shemeji yake. Mwingine ndiye mwenye nyumba, anayepokea kodi ya shirika kila miezi sita, na alikuwamo kwenye kikao kilichopandisha kodi yake mwenyewe. Muhtasari unasema alishiriki "kwa kutoa ufafanuzi". Vikao vingi vilifanyika kwenye kundi la WhatsApp: mkurugenzi anaandika pendekezo, wajumbe wanajibu "amina" au kidole gumba. Kikao cha ana kwa ana kilikuwa mara moja kwa mwaka, chenye posho na chakula cha mchana, na bahasha za posho aligawa mkurugenzi kwa mkono wake.

Watu husema huu ni ugonjwa wa mashirika yetu ya mikoani. Nimeona mfano mkubwa kuliko wetu mbali na hapa. Jimbo la Florida nchini Marekani lilikuwa na shirikisho la kupinga ukatili wa majumbani lililotajwa kwa jina ndani ya sheria kuwa ndilo pekee la kupitishia fedha za serikali kwenda kwenye nyumba salama za jimbo zima. Mkurugenzi wake mkuu alilipwa zaidi ya dola milioni 7.5 ndani ya miaka mitatu, sehemu kubwa ikiitwa malipo ya likizo, na bodi ndiyo iliyoidhinisha. Mapema 2020 Bunge la jimbo likalifuta jina hilo kwenye sheria. Ukiangalia bodi ile ilikuwa ya nani unaelewa: walikuwamo viongozi wa nyumba salama zilizotegemea fedha za shirikisho hilohilo. Utamhoji vipi anayeshika mfuko wako? Ukitoa sifuri kadhaa, ni shemeji, mwenye nyumba na bahasha ya posho.

Tofauti ni kwamba Florida iligundua kwa kufuata fedha. Hapa, fedha ilikuwa kosa dogo. Kubwa niliambiwa jikoni.

Ukutani kulikuwa na sanduku la maoni lenye kufuli zuri, na ufunguo wake alikaa nao mkurugenzi. Sijaona kikaratasi hata kimoja ndani. Nikamwomba afisa ustawi wa jamii, mwanamke asiyefanya kazi na shirika, azungumze na wakazi waliokubali, na mimi sikuwapo. Walimshukuru Mama Mkubwa kwa kuwaokoa, wote. Kisha wakasema simu zao huchukuliwa wanapofika na kurudishwa siku ya kuondoka, kwamba kuna siku ya kuomba ambayo si hiari, na kwamba baada ya wiki tatu huanza mazungumzo ya "kurudi kujenga nyumba". Wazee huitwa, mume huletwa ofisini, anaomba msamaha, picha inapigwa.

Kwenye ripoti, hiyo ilikuwa namba ya kujivunia: familia zilizopatanishwa. Mfadhili aliipenda na bodi ikaipigia makofi. Katika miaka mitatu ya mihutasari sikukuta mjumbe aliyeuliza ni wangapi kati ya waliopatanishwa walirudi getini. Mlezi alijua. Kwenye daftari lake huweka nyota ndogo anapomtambua mtu aliyewahi kulala pale, na mama mmoja alikuwa na nyota tatu. Kwenye ripoti alikuwa familia tatu zilizopatanishwa.

Nalitaja kama suala la utawala, na nilipolisema hivyo kwenye kikao mchungaji alikasirika kweli. Alisema upatanisho ni agizo la imani, na hata sheria inautaka. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka lipite kwanza baraza la usuluhishi, ingawa iliacha nafasi kwa mazingira ya pekee. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Tanzania bado haina sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani, kwa hiyo kifungu hicho kifupi kinabebeshwa mzigo mkubwa. Hata hivyo hoja yangu haikuwa ya kidini wala ya kisheria. Bodi ikichagua kuhesabu jambo moja, watumishi watalizalisha jambo hilo. Hapa walizalisha wanawake waliorudishwa.

Mkurugenzi alisubiri nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ya chini: "Mnataka niwe na mtu wa kunihoji kila hundi. Sawa. Huyo mtu ndiye atakayeamka saa nane usiku mama akigonga?"

Sikuwa na jibu zuri, na hata leo sina. Shirika lina watumishi tisa. Wafadhili hulipia semina na vipeperushi kwa moyo, lakini mshahara wa mhasibu wa pili huitwa gharama za uendeshaji na hukatwa kwanza. Kufunga nyumba hakukuwa chaguo: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikishe miaka 15, na vitanda vya kuwapokea ni vya kuhesabu kwa vidole. Anayedai uwajibikaji bila kuulipia anaomba karatasi nzuri, na karatasi nzuri walikuwa nazo tayari.

Yaliyofanyika yalikuwa nusu nusu. Hundi tupu zilikoma siku ileile, kwani mwalimu alijiuzulu kwa aibu, na nafasi yake akachukua mhasibu mstaafu wa halmashauri anayeishi Makole, anayekuja kila Ijumaa na kuuliza maswali ya kuchosha. Mwenye nyumba alichagua kodi akaacha ujumbe wa bodi. Shemeji bado yupo. Mchungaji alibaki mjumbe lakini uenyekiti ulikwenda kwa wakili wa msaada wa kisheria, mwanamke, ambaye kikao chake cha kwanza alikataa bahasha ya posho, na wajumbe wawili hawakufurahi.

Daftari la majina sasa linakaa peke yake, chini ya ufunguo wa mlezi mkuu, na kila mkazi ana namba. Makaratasi ya fedha hubeba namba. Mkaguzi huona namba, usiku uliolaliwa na vichwa vya jioni. Fomu ya picha imefutwa kabisa: hakuna picha za wakazi, basi. Nilipendekeza idhini kwa Kiswahili chepesi baada ya siku saba. Mwenyekiti mpya akasema hata siku sabini hazitoshi kwa mtu anayelala kwenye kitanda chako, na nadhani alikuwa sahihi kuliko mimi. Sanduku la maoni limeondolewa, na afisa ustawi wa jamii huja mara moja kwa mwezi kukaa na wakazi bila mtumishi yeyote chumbani, kisha humwona mwenyekiti moja kwa moja. Simu bado zinachukuliwa usiku wa kwanza, kwa sababu za kiusalama zenye mantiki, ila zinarudishwa asubuhi. Kuhusu siku ya kuomba bado wanabishana.

Mfadhili alikuwa mgumu kuliko nilivyotarajia. Alirudisha ripoti ya kwanza yenye namba akitaka majina na sahihi "kwa uthibitisho", na fedha zikachelewa miezi mitatu. Mama Mkubwa alikopa kwenye kikundi chake cha kina mama ili watu wale. Tuliandika barua ndefu tukinukuu sheria ya 2022, na mwishowe wakakubali kutuma mtu wao aje ahesabu vichwa jioni moja mwenyewe. Alikuja, akahesabu saba, akala nao mlenda.

Kilo 57 hazikupatikana. Kwenye taarifa yangu niliziandika hivyohivyo.

Kazi ya mwisho ilikuwa kukusanya kalenda. Kati ya mia tano tulirudisha chini ya nusu. Ile ya ofisi ya kata niliifuata mwenyewe, mwezi Julai. Mtendaji alinipokea vizuri lakini hakutaka kuitoa, maana tarehe za vikao vya kamati vya mwaka mzima alikuwa ameziandika pale kwa kalamu nyekundu. Tukaelewana. Akatafuta wembe kwenye droo, akasimama juu ya benchi lile la wageni, akakata polepole kwa kufuata mstari, na kunikabidhi nusu ya juu. Miezi ikabaki ukutani.